Ng'ambo Ni Mkoa Mwingine

Saa saba na dakika ishirini mchana, Mkaguzi Msaidizi wa Polisi Jenista Swila aliburuta meza ya mtendaji wa kijiji cha Nkandwe mpaka ikaziba mlango wa ofisi, akakaa nyuma yake na kufungua daftari. Mgongoni kwake, sakafuni, aliketi Lucky Silwimba, mnunuzi wa mpunga kutoka Tunduma. Pingu ilining'inia kwenye mkono wake wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umevunjika juu ya kiwiko na haukufaa kufungwa. Mbele ya meza, juani, kulikuwa na watu kama themanini. Jenista alipowahesabu mara ya pili walikuwa tisini.

Jambo lenyewe lilikuwa fupi. Brenda, binti wa miaka saba wa Rubeni na Ruti, hakuonekana tangu asubuhi. Watu walimtafuta mashambani, visimani na kando ya mfereji. Saa tano mtu alikumbuka kwamba jana yake mnunuzi wa mpunga alimpa mtoto huyo biskuti. Saa sita ndala moja ya mtoto iliokotwa karibu na mizani yake. Saa sita na nusu Lucky alikutwa akifunga magunia kwenye pikipiki ili aondoke, na hilo likatosha. Kila mtu alijua kwamba Tunduma ni mpakani, kwamba Lucky ana laini mbili za simu na moja ni ya Zambia, na kwamba jioni iliyopita alisikika akiongea Kibemba na mtu kuhusu bei. Bei ya nini, hakuna aliyeuliza.

Jenista alikuwa mkaguzi wa kata. Alifika kutoka makao ya kata, kilometa nne, akamkuta Lucky yuko chini na tairi la kumchomea limeshaletwa. Hakupiga kelele wala hakusihi. Aliingia katikati, akafunga pingu kwenye mkono mzima, akasema kwa sauti ileile anayotumia kwenye mikutano ya ulinzi shirikishi, "Nimemkamata kwa tuhuma ya kuiba mtoto." Watu wakampisha. Walidhani wanaona mwanzo wa adhabu. Meza ilipoziba mlango ndipo walipotambua kwamba wamenyang'anywa.

Askari wa kata ni mmoja. Jenista alikuwa na sare, pikipiki, simu, pingu na daftari. Bunduki hakuwa nayo. Kituo kidogo cha upande wao wa mto kilikuwa na askari wanne, na wote walikuwa wameondoka alfajiri na gari pekee la kituo kupeleka mahabusu mahakamani Vwawa, makao makuu ya mkoa. Kwa hiyo alimpigia Mkuu wa Polisi wa Wilaya, kule juu Chitete.

"Wangapi?" aliuliza mkuu wa polisi.

"Tisini, afande. Wanaongezeka."

"Wana nini?"

"Mapanga, majembe, na dumu la njano la lita tano. Nadhani ni petroli. Bunduki sijaona."

"Una muda gani?"

"Sijui, afande."

Mkuu wa polisi hakumpa pole, na Jenista alishukuru. "Askari wangu wakiondoka sasa hivi ni saa tatu barabarani, mvua ikikaa mbali. Kikosi cha Kutuliza Ghasia namwomba Kamanda wa Mkoa. Hao watachukua saa tano."

"Afande, ng'ambo ya mto kuna kituo. Kilometa saba kupitia darajani. Mabati yake nayaona hapa nilipo."

"Ng'ambo ni mkoa mwingine, Swila."

"Ndiyo, afande."

"Namwandikia Kamanda wetu. Yeye atamwomba Kamanda wao. Akikubali atamwagiza mkuu wa polisi wa wilaya yao, naye atamwagiza mkuu wa kituo. Usikate simu. Hapana, kata, utunze chaji."

Jenista alikata. Hakuwa na ugomvi na utaratibu huo. Jeshi ni moja nchi nzima, na Inspekta Jenerali ni mmoja, lakini amri hupanda ndani ya mkoa na kushuka ndani ya mkoa. Askari haazimwi kwa jirani kama jembe. Anaye mtu anayejibu kwa ajili yake, na mtu huyo lazima ajue alipo. Jenista alilijua hilo kwa gharama. Miaka miwili kabla, akiwa Tunduma mjini, alimkimbiza mwizi wa simu katikati ya maduka, pale ambapo watu huvuka mpaka kwenda kununua sukari bila hata kufikiri. Alimkamata. Alimkamata hatua kumi na moja ndani ya Zambia. Mwizi aliachiwa, simu haikupatikana, na kwenye jalada la Jenista ikaingia barua ya onyo. Hakuona kwamba ameonewa. Kesho yake alirudi kuzipima hatua zile, akakuta ni kumi na moja kweli.

Hata hivyo, saa nane na dakika kumi alipiga simu ng'ambo. Namba ya Koplo Danford wa kituo hicho aliipata kwenye kikao cha mikoa miwili kuhusu wizi wa ng'ombe.

"Jambo, afande," alisema Danford.

"Jambo. Nina mtuhumiwa Nkandwe na watu karibu mia nje ya mlango. Mnaweza kunipa askari wangapi?"

"Mkuu wa kituo yuko doria mnadani, afande, na karibu wenzangu wote. Mimi nimebaki kaunta na askari mmoja. Na hata wangekuwepo, kuvuka daraja na silaha bila amri..."

"Najua."

"Nakuheshimu sana, afande. Amri ikishuka, robo saa tuko hapo. Ila kwa simu hii ya mkononi usinitafute tena. Nitaonekana napanga mambo na mkoa mwingine nyuma ya mkuu wangu. Wacha ije kwa redio."

"Sawa, koplo."

Maongezi yalichukua sekunde hamsini na mbili. Jenista aliweka simu juu ya meza, akageuza ukurasa mpya wa daftari na kuinua kichwa.

"Nani mlalamikaji wa kwanza?"

Hezron akasogea. Alikuwa mgambo wa zamani, kifua mbele, fimbo kwapani, na tangu mchana ndiye aliyekuwa akiwapanga watu.

"Mlalamikaji gani, afande? Tutoe mtu wetu hapa, basi."

"Bila maelezo hakuna kesi. Bila kesi, huyu kesho yuko Tunduma anakunywa soda. Jina?"

"Jina langu unalijua."

"Daftari halilijui."

Watu wawili watatu walicheka. Hezron akatazama nyuma kuona ni akina nani, kisha akataja jina. Jenista aliandika polepole, kwa herufi za shule. Umri. Kabila. Dini. Kazi. Kitongoji. Kila jibu alilirudia kwa sauti kabla ya kuliandika.

"Sasa niambie ulichokiona."

"Kijiji kizima kimeona."

"Kijiji hakina macho. Wewe uliona nini?"

"Alimpa mtoto biskuti."

"Ulimwona akimpa?"

"Niliambiwa."

"Na nani?"

"Aa, afande, sasa hii ni posa au polisi? Unataka ukoo mzima!"

Watu walicheka tena, safari hii kwa upande wake. Jenista naye alisubiri wamalize. "Na nani?" akarudia, na Hezron akataja jina la shemeji yake. Jenista akaandika: aliambiwa. Akamgeuzia daftari atie sahihi. Kisha akamwita shemeji.

Hivyo ndivyo alivyoununua mchana. Kila mtu alichukua dakika sita hadi saba. Hakumharakisha yeyote, na aliyesema mengi alimpa nafasi aseme yote. Aliyetaka kusema kwa niaba ya mwingine alirudishwa kwenye mstari, maana kufikia saa tisa palikuwa na mstari. Watu walikuwa wamejipanga wenyewe kama kwenye dirisha la pembejeo, na aliyejaribu kupenya alizomewa. Lakini nyuma ya mstari umati uliendelea kukua. Walikuja watu kutoka mashamba ya chini, miguu ina tope la mpunga, na hao hawakuwa na subira ya daftari.

"Afande," Lucky alinong'ona mgongoni kwake, "wanakuja askari?"

"Wameombwa."

"Wanakuja lakini?"

"Nimesema wameombwa."

"Mama mdogo wangu ameolewa hukuhuku wilayani Momba. Mimi si mgeni kihivyo. Biskuti nilimpa, kweli. Niliwapa watoto wanne. Walikuwa wananishikia midomo ya magunia."

"Jana saa ngapi?"

"Jioni. Saa kumi na moja."

"Na leo ulimwona?"

"Sikumwona kabisa. Naapa kwa..."

"Usiape. Sema tu."

"Sikumwona."

Aliandika hilo pia.

Saa tisa na nusu alikuwa na maelezo ya watu kumi na mmoja. Alipitisha kalamu chini ya kila neno "aliambiwa". Kumi walikuwa wameambiwa. Mmoja, mwanamke aliyeokota ndala, alikuwa ameona, na alichokiona ni ndala. Hakuna hata mmoja aliyemwona mtoto na mnunuzi siku hiyo. Huo ulikuwa ukweli wenye manufaa, ila haukuwa wa kuusoma kwa sauti. Watu tisini walioaminishana kitu hawafurahi kuonyeshwa kwamba kila mmoja alimtegemea mwenzake.

Mkuu wa polisi alipiga. "Kamanda wetu amepeleka ombi. Kamanda wao yuko kwenye ziara, msaidizi wake anamtafuta. Askari wangu wamefika kwenye mteremko, lori limekwama mbele yao. Wewe?"

"Naandika maelezo, afande."

"Endelea kuandika."

Alipoweka simu chini, aliona mstari umevunjika. Hezron alikuwa amepanda juu ya kigogo cha mti uliokatwa, na sauti yake sasa ilikuwa nyingine.

"Jamani, tangu saa saba anaandika! Mnaona gari? Mnaona askari? Huyu mama anasubiri giza liingie, amtoroshe mtu, kesho watuambie ushahidi haujakamilika! Mtoto yuko wapi? Ameandika alipo mtoto?"

"Hajaandika!" walijibu.

Dumu la njano lilipita juu ya vichwa vya watu hadi mbele, likatuliwa juu ya meza, juu kabisa ya daftari. Harufu ya petroli ilimfanya Jenista abane pua bila kutaka. Jiwe lilipita dirishani na kugonga ukuta wa ndani. Lucky alijikunja.

Jenista aliliinua dumu, akaliweka chini upande wake wa meza, akafuta daftari kwa kiganja. Kisha akafanya kitu alichopaswa kukifanya saa mbili nyuma. Aliwatafuta kwa macho wazazi wa mtoto.

Rubeni alikuwa ameketi juu ya tairi lile lile lililoletwa kwa ajili ya Lucky, panga magotini, macho chini. Tangu mchana hakuwa amesema neno. Mkewe Ruti alisimama hatua chache nyuma yake, peke yake, kitenge kimefungwa kifuani kwa mafundo mawili. Watu walimpisha kama mtu aliyefiwa, na kwa sababu hiyo hakuna aliyezungumza naye.

"Mama Brenda," Jenista aliita. "Njoo."

"Mwache!" alisema Hezron. "Mama wa watu ana uchungu."

"Yeye ndiye mlalamikaji. Ninyi wote ni mashahidi. Njoo, mama."

Ruti alikuja. Sauti yake ilikuwa imekauka. Jina, umri, kabila, dini, kazi, kitongoji. Jenista hakuacha hata kimoja.

"Mara ya mwisho ulimwona saa ngapi?"

"Kabla ya saa moja. Nilikuwa nawasha moto."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Analia."

"Kwa nini?"

"Bibi yake alikuwa anakwenda mnadani. Alitaka kwenda naye, bibi akakataa. Akapanda bodaboda akamwacha."

Jenista aliacha kuandika. "Mnada wa wapi?"

"Wa ng'ambo. Leo ndiyo siku yake."

"Na bibi amerudi?"

"Bado. Simu yake haina chaji, hata hajui."

"Haya umemwambia nani?"

Ruti alimtazama kama mtu anayeamshwa. "Hakuna aliyeniuliza."

"Tumepita njia ya darajani!" Hezron aliingilia. "Vijana walikwenda mpaka darajani, hakuna kitu!"

"Mpaka darajani," alisema Jenista. "Walivuka?"

Hawakuvuka. Daraja ndipo Nkandwe ilipoishia, na mkoa, na kila mtu aliyewahi kuitwa kutafuta kitu aliishia hapo.

Jenista alichukua simu akampigia Danford. Iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena. Iliita mpaka ikakatika. Alielewa, alikuwa ameambiwa asipige. Angeweza kumpigia mkuu wa polisi wa wilaya, swali lipande Chitete, lipande Vwawa, livuke, lishuke. Lingefika saa moja usiku.

Ndipo alipoliona jibu, na lilikuwa wazi kiasi cha kumkera. Yeye hakuruhusiwa kuvuka daraja kuomba chochote. Danford hakuruhusiwa kumjibu. Lakini mama aliyepotelewa na mtoto huingia kituo chochote cha polisi katika nchi hii, cha mkoa wowote, akasimama kaunta na kusema nimepotelewa. Hahitaji barua ya mtu. Na askari wa kaunta hana ruhusa ya kutomsikiliza.

"Mama Brenda, utakwenda ng'ambo. Kituo cha polisi. Utaingia kama mwananchi, utoe taarifa ya kupotelewa na mtoto. Usitaje jina langu. Mtendaji atakupeleka kwa pikipiki yangu."

Yonathani, mtendaji wa kijiji, aliyekuwa amejibanza ukutani tangu mchana, alitikisa kichwa kukubali haraka mno. Ilionekana angekubali safari yoyote ya kumtoa pale.

"Hapo ndipo ulipokuwa unatupeleka!" Hezron alipiga fimbo mezani. "Unamwondoa mama, unamwondoa mtendaji, halafu ukibaki peke yako unafungua pingu, mtu anapita dirishani! Kwani sisi watoto?"

Umati ulisogea. Meza ilisukumwa, ukingo wake ukambana Jenista tumboni. Alisimama. Akatoa ufunguo wa pingu mfukoni, akauinua juu watu wauone. Kisha akainama, akashika upande wa pili wa pingu ya Lucky na kuufunga kwenye mkono wake mwenyewe wa kushoto. Ulilia ta! na watu wa mbele wakasikia.

"Shika, mama." Aliutia ufunguo kiganjani mwa Ruti na kuvikunja vidole vyake juu yake. "Hakuna mwingine. Utarudi nao wewe. Mpaka hapo sina namna ya kumfungua, hata nikitaka, hata mkinilazimisha. Atakayemchoma huyu atanichoma na mimi, na mimi nimeandikwa Chitete, Vwawa na Dodoma."

Mzee mmoja kwenye mstari akasema, bila kucheka, "Huyu mwanamke ana wazimu," na mwingine akamjibu, "Wa serikali lakini."

Ruti alimgeukia mumewe. Rubeni aliinua macho kwa mara ya kwanza.

"Nenda," alisema.

Pikipiki iliondoka saa kumi na dakika tano. Jenista alikaa, Lucky akalazimika kusogea na kukaa kando yake, wazi mlangoni, mahali ambapo kila mtu alimwona. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Mkono uliovunjika aliushikilia kwa magoti.

"Mlalamikaji anayefuata," alisema Jenista.

Hakuna aliyekuja. Mchezo wa daftari ulikuwa umekwisha, na sasa palibaki kusubiri tu, na kusubiri kwa umati ni kubaya kuliko kelele. Dakika ishirini zilipita. Vijana wa mashamba ya chini walizunguka nyuma ya ofisi. Alisikia wakigonga tofali. Jiwe la pili lilimpata Lucky begani. Hakulia. Jenista alisogeza kiti chake hadi mwili wake ukawa kati ya Lucky na dirisha, na mnyororo wa pingu ukakazika.

"Afande," Lucky alisema, "wakiingia kwa nyuma?"

"Wakiingia tutasimama wote wawili. Usikimbie. Ukikimbia utanivunja na mimi mkono."

Lucky alitoa sauti iliyokaribia kicheko.

Saa kumi na dakika arobaini, tofali la kwanza lilitoka ukutani. Hezron alichungulia kwenye tundu, akarudi mbele, akamsogelea Rubeni. "Kaka, tumengoja vya kutosha. Wewe ndiye mwenye mtoto. Sema neno moja tu."

Rubeni alisimama, panga mkononi. Aliutazama mkono wa Jenista na mkono wa Lucky, na chuma kati yao. Jenista hakumwambia kitu. Kila alichokijua alikuwa ameshakiandika, na alichokuwa hakijui asingeweza kumuahidi.

Simu ya Rubeni iliita mfukoni.

Alihangaika kuitoa kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia haukutaka kuliachia panga. "Ruti," alisema. Uso wake ulibadilika, lakini si kwa namna ambayo Jenista angeweza kuisoma. Watu waliokuwa karibu waliinamisha shingo. Rubeni akaiondoa simu sikioni, akabonyeza, na sauti ya mtoto mdogo ikatoka hapo, ya kulalamika, inayosikika hadi mezani: "Baba, bibi aliniacha."

"Wanaweza kurekodi," alisema Hezron upesi. "Siku hizi wanarekodi."

"Brenda," Rubeni alisema kwenye simu. "Mbuzi wetu mweupe anaitwaje?"

"Hana jina," ilijibu sauti. "Ulikataa nisimpe."

Rubeni aliketi. Hakuketi juu ya tairi. Aliketi chini palepale alipokuwa amesimama. Panga lilianguka kando. Hezron akalitazama, akainama kana kwamba anataka kulichukua, kisha akalipita na kuendelea kutembea, moja kwa moja, hadi nyuma ya nyumba ya kwanza. Hakuna aliyemfuata, lakini hakuna aliyebaki alipokuwa. Watu waliondoka wawili wawili bila kutazamana.

Rubeni alinyoosha simu kuelekea mezani. "Kuna askari anakutaka."

"Afande Swila," alisema Koplo Danford, na sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Mtoto yuko hapa kaunta. Wachuuzi walimleta, alikuwa anazunguka mnadani analia. Hakujua kutaja kijiji wala namba ya simu. Tulimwandika na kupeleka taarifa wilayani kwetu, kama inavyotakiwa."

"Mlimwandika saa ngapi?"

Karatasi zilisikika zikigeuzwa. "Saa nne na dakika ishirini asubuhi."

"Asante, koplo. Mrudishe kwa mama yake, asaini."

Ruti alirudi saa kumi na moja na nusu, mtoto akiwa kati yake na Yonathani kwenye pikipiki, mguu mmoja peku. Alifungua pingu yeye mwenyewe. Ilimchukua muda kuuingiza ufunguo, na alipomaliza alimsogelea Lucky kumwambia kitu, akaona mkono wake, akashindwa.

Robo saa baadaye gari lilivuka kutoka ng'ambo likiwa na askari sita, kofia ngumu na barua yenye saini: wamwongezee nguvu mkaguzi wa kata kumlinda mtuhumiwa dhidi ya umati. Uwanja ulikuwa mtupu. Jenista alijaza fomu ya PF3 ya kuruhusu matibabu na kuwauliza kama wangempeleka majeruhi hospitali. Lucky aliuliza kama ni ya ng'ambo. Alipoambiwa ndiyo, alipanda bila kusaidiwa. Magunia yake saba, mizani na pikipiki vilibaki pale vilipokuwa, na Jenista aliwaona watu wakipita mbali navyo.

Alikuwa bado mezani mkuu wa polisi wa wilaya alipopiga.

"Kwa hiyo mtoto alikuwa kwenye kitabu chao tangu saa nne."

"Na dakika ishirini, afande."

"Na wewe uliwapigia. Usinifiche, Kamanda wao ameshajua."

"Niliwapigia saa nane na dakika kumi."

"Ukaongea na nani?"

"Askari wa kaunta. Alikuwa hatua mbili kutoka kwa mtoto."

"Na ukamuuliza nini?"

Jenista alitazama kidole chake cha kati, pale kalamu ilipokuwa imekaa kwa saa nne, na alama iliyoachwa na pingu juu ya kiganja cha mkono mwingine.

"Nilimwomba askari, afande. Habari za mtoto sikuuliza."

Kwa mbali, kwenye simu, alisikia mashine ya kuchapa, au labda mvua juu ya mabati ya Chitete.

"Andika hivyo hivyo," alisema mkuu wa polisi.

Jenista alivuta daftari, ambalo bado lilinuka petroli, akaandika.